Njia Moja au Njia Nyingi? Shauri la Madhabahu ya Ushindi, Mwaka 384

Utangulizi

Miaka kadhaa iliyopita tuliitwa kuongoza maziko katika ukoo ambao nusu yake ni Wakristo na nusu ni Waislamu. Marehemu alikuwa Mkristo wa usharika tuliokuwa tukiuhudumia. Kaka zake wawili walikuwa Waislamu, nao ndio waliosimamia uchimbaji wa kaburi. Ibada ilipokwisha, mzee mmoja wa ukoo alisimama kutoa shukrani kwa niaba ya jamaa. Alisema maneno mengi mema, na mwishoni akaongeza kwamba njia ni nyingi lakini mwisho wa safari ni mmoja, na kwamba kila dini humfikisha mtu kwa Mungu yule yule. Watu wakaitikia. Sisi tulinyamaza, maana makaburini si mahali pa mabishano. Lakini tulipokuwa njiani kurudi, kijana mmoja wa darasa la kipaimara alituuliza: “Mchungaji, yale aliyoyasema mzee ni kweli?” Tulimjibu kwa maneno machache ambayo hayakumtosheleza, na kwa kweli hayakututosheleza hata sisi wenyewe.

Makala hii ni jaribio la kulijibu swali la kijana yule kwa msaada wa historia ya Kanisa. Wengi wetu hudhani kwamba usemi wa “njia nyingi” ni jambo la siku hizi, lililozaliwa na safari, elimu na mchanganyiko wa watu mijini. Sivyo. Usemi huo ni mkongwe, nao ulikwisha kutetewa mbele ya Kaisari wa Rumi kwa ufasaha ambao haujapitwa kwa urahisi. Aliyeutetea ni Quintus Aurelius Symmachus, mkuu wa mji wa Rumi, katika mwaka 384. Aliyemjibu ni Ambrosio, Askofu wa Milano.

Tunakusudia kuonyesha kwamba katika shauri lile maswali mawili yalifungwa pamoja kama mzigo mmoja. Swali la kwanza ni la ukweli: je, njia zote za dini ni sawa? Swali la pili ni la haki: je, mtu afuataye njia nyingine atendewe nini na wale walio na nguvu? Kanisa lilijibu vema swali la kwanza, nalo likashinda. Kwa kuwa halikulitenga swali la pili, ushindi wake ulizaa matunda machungu, na baadhi ya matunda hayo yamefika hata katika nyumba yetu ya Kilutheri.

Madhabahu na historia yake

Seneti lilikuwa baraza la wakuu wa Rumi. Mwaka 29 K.K., Oktaviano, ambaye baadaye aliitwa Kaisari Augusto na ambaye tunamsoma katika Luka 2, aliweka katika ukumbi wa baraza hilo sanamu ya mungu wa kike aliyeitwa Victoria, yaani Ushindi, pamoja na madhabahu mbele yake. Miaka miwili kabla ya hapo alikuwa ameshinda vita vya Actium. Tangu wakati ule wajumbe wa Seneti walifukiza uvumba na kumimina divai mbele ya sanamu ile kabla ya kuanza shughuli zao, na mbele yake walikula viapo vya utii kwa Kaisari. Kwa hiyo madhabahu ile haikuwa pambo la ukumbi. Ilikuwa ishara kwamba dola na miungu wake ni kitu kimoja.

Mambo yalianza kubadilika baada ya mwaka 313, pale Konstantino na Licinius walipokubaliana huko Milano kwamba Wakristo na watu wengine wote wawe huru kuifuata dini waitakayo. Inafaa tukumbuke kwamba Kanisa lilipokea uhuru wake kwanza kama uhuru wa wote. Lakini kizazi hata kizazi, mizani ilizidi kuelemea upande mmoja. Mwaka 357 Kaisari Constantius II alipoizuru Rumi aliiondoa madhabahu. Baada ya muda ikarudishwa. Mwaka 380 Kaisari Theodosius, pamoja na wenzake katika utawala, alitoa amri kwamba watu wote wa dola waishike imani iliyoungamwa na Askofu wa Rumi na Askofu wa Aleksandria. Mwaka 382 Kaisari Gratianus aliiondoa madhabahu kwa mara nyingine. Zaidi ya hayo alikata fedha ambazo hazina ya serikali ilikuwa ikizitoa kwa ajili ya makuhani wa dini ya kale na kwa mabikira waliotunza moto wa mungu wa kike Vesta.

Wajumbe waliobaki katika dini ya kale walituma ujumbe kwa Gratianus, ukiongozwa na Symmachus. Wajumbe Wakristo nao walipeleka malalamiko yao kupitia kwa Damasus, Askofu wa Rumi, na Ambrosio. Ujumbe wa Symmachus haukupokelewa. Kisha mwaka 383 Gratianus aliuawa katika maasi, na mwaka huo huo mavuno yakapungua hata Rumi ikaona njaa. Mdogo wake, Valentinianus II, alibaki akitawala kutoka Milano. Mwaka 384 alikuwa kijana wa miaka kama 13 tu. Wafuasi wa dini ya kale waliona kwamba saa yao imefika, na Symmachus, ambaye sasa alikuwa mkuu wa mji wa Rumi, aliandika taarifa yake rasmi kwa mtawala huyo.

Hoja za Symmachus

Taarifa ile imehifadhiwa mpaka leo, na kila mwanafunzi wa teolojia angefaidika kuisoma. Haina matusi wala vitisho. Ndani yake twaweza kutofautisha hoja tatu.

Hoja ya kwanza ni ya mila ya wazee. Symmachus anaufanya mji wa Rumi useme kama mama mzee. Mama huyo anaomba aheshimiwe kwa ajili ya umri wake na aachiwe kuishi kwa desturi zake mwenyewe. Anakumbusha kwamba kwa ibada hizo alimfukuza Hannibal kutoka kutani pake na Wagalia kutoka katika kilima chake kitakatifu. Kumrekebisha mtu katika uzee wake, asema, ni kumchelewesha na kumwaibisha.

Hoja ya pili ni ya manufaa. Njaa ya mwaka 383, kwa maoni yake, ilitokana na kuwanyima makuhani na mabikira riziki yao. Miungu wamechukizwa, na nchi imekauka.

Hoja ya tatu ndiyo iliyomfanya Symmachus akumbukwe. Watu wote, asema, huzitazama nyota zile zile. Mbingu ni moja kwa wote, na ulimwengu ni mmoja. Basi kuna tofauti gani kama kila mtu anautafuta ukweli kwa hekima yake? Fumbo la Mungu ni kubwa mno, wala haliwezi kufikiwa kwa njia moja peke yake.

Tunapolifundisha shauri hili darasani, wanafunzi wengi humwonea Symmachus huruma, nasi hatuwalaumu. Sisi ambao babu zetu waliisikia Injili kwanza kutoka kwa wageni, na ambao tumewaona wazee wetu wakiulizwa maswali magumu juu ya matambiko ya ukoo, hatuwezi kuisikia sauti ya yule mama mzee bila kuguswa. Na hoja ya tatu ina unyenyekevu ambao unastahili heshima. Ni kweli kwamba Mungu ni mkuu kuliko akili zetu. Mtume Paulo mwenyewe alipomaliza sura tatu ngumu juu ya Israeli aliishia katika kustaajabia kina cha hekima ya Mungu kisichochunguzika (Rum. 11:33).

Hata hivyo msomaji mwangalifu ataona mambo mawili. Kwanza, Symmachus hakuomba uhuru tu. Mwaka 384 mahekalu ya Rumi yalikuwa bado yanasimama, na watu wa dini ya kale waliendelea kushika vyeo vikubwa. Yeye mwenyewe ni ushahidi. Aliomba fedha za hazina zirudishwe, na madhabahu irudishwe mahali ambapo wajumbe Wakristo nao wangelazimika kukaa katika moshi wa uvumba wake. Alizungumza juu ya njia nyingi, lakini aliomba njia moja irudishiwe kiti chake cha enzi. Pili, hoja yake ya tatu inasimama juu ya msingi ambao hakuutaja, yaani kwamba Mungu amekaa kimya na wanadamu wanapapasa. Kama ni hivyo, basi kweli hakuna apapasaye awezaye kumcheka mwenzake.

Jibu la Ambrosio

Ambrosio hakuwa mtu wa kitabuni tu. Alikuwa mtawala wa jimbo, mwenye makao Milano, wakati watu walipomchagua kuwa askofu mwaka 374, naye wakati huo alikuwa hajabatizwa. Alibatizwa, na katika muda wa juma moja hivi akawekwa wakfu. Aliijua lugha ya Injili na pia lugha ya ofisi za dola.

Aliandika barua mbili. Ya pili, aliyoiandika baada ya kupata nakala ya taarifa ya Symmachus, inajibu hoja moja baada ya nyingine. Juu ya Hannibal anakumbusha kwamba yeye naye aliwaabudu miungu wale wale. Kama ibada hizo zilishinda upande wa Warumi, basi zilishindwa upande wa Wakarthago. Juu ya Wagalia anasema kwa dhihaka kwamba waliookoa kilima kitakatifu ni mabata bukini kwa kelele zao. Juu ya njaa anauliza mbona mwaka uliofuata nchi nyingi zimejaa mavuno, na fedha za makuhani hazijarudishwa. Juu ya mila ya wazee anajibu kwamba kuendelea mbele si aibu: mchana haung’ai wote asubuhi, na mavuno hayaji siku ya kupanda. Mzee naye aweza kujifunza, wala hakuna umri uliochelewa kwa kutengenezwa.

Juu ya mali anatoa changamoto ambayo tungependa wasomaji waikumbuke, maana tutairudia. Kanisa, asema, halina kitu ila imani. Mali yake ni matunzo ya maskini. Basi wenye mahekalu na wahesabu ni mateka wangapi mahekalu yao yamewakomboa, ni maskini wangapi yamewalisha.

Lakini kiini cha jibu lake ni pale anapoifikia hoja ya tatu. Hapingi kwamba fumbo la Mungu ni kubwa. Anachosema ni kwamba kile ambacho wengine wanakitafuta kwa kukisia, Wakristo wamekipokea kutoka kwa Mungu mwenyewe aliyesema. Hadai kwamba Wakristo wana akili kuliko Symmachus. Symmachus alikuwa akihesabu njia ambazo wanadamu huzipanda kumwendea Mungu, na kwa hesabu hiyo njia zote zaweza kuwa sawa, maana zote hazifiki. Injili yatangaza habari nyingine, yaani kwamba Mungu ameshuka kuja kwetu. Anayemngoja Mungu aliyenyamaza ana haki ya kusema njia ni nyingi. Aliyetembelewa hana budi kusema ni nani aliyekuja (Yn. 1:14, 14:6).

Katika jambo hili twaungana na Ambrosio bila kusita. Kanisa likikubali kwamba Kristo ni njia mojawapo tu kati ya nyingi zilizo sawa, halitakuwa limepunguza kiburi chake. Litakuwa limekana habari yenyewe liliyotumwa kuitangaza.

Walakini tuitazame na barua yake ya kwanza. Aliiandika kabla hajaisoma taarifa ya Symmachus, na ndani yake anamwonya mtawala wa miaka 13 kwamba akikubali ombi lile, ataweza kuja kanisani, lakini hatamkuta kuhani, au atamkuta kuhani atakayempinga. Ombi lilikataliwa. Je, lilikataliwa kwa nguvu ya hoja za barua ya pili, au kwa hofu iliyotiwa na barua ya kwanza? Yumkini ni kwa vyote viwili. Hapo ndipo maswali yale mawili yalipofungwa pamoja.

Baada ya ushindi: Callinicum, mwaka 388

Miaka minne baadaye, katika mji wa Callinicum kando ya mto Frati, mahali panapoitwa Raqqa leo katika nchi ya Shamu, Wakristo waliichoma sinagogi ya Wayahudi kwa uchochezi wa askofu wao. Watawa nao walichoma nyumba ya ibada ya kikundi cha wazushi. Kaisari Theodosius, ambaye hakuna awezaye kumwita adui wa Kanisa, aliamuru wahalifu waadhibiwe na askofu aijenge upya sinagogi ile. Ilikuwa hukumu ya haki ya kawaida.

Ambrosio alimwandikia Kaisari akiipinga. Hoja yake ilikuwa kwamba askofu hawezi kujenga nyumba ya wasiomwamini Kristo bila kuikana imani yake. Kaisari alipofika kanisani Milano, Ambrosio alihubiri juu ya jambo hilo mbele yake, kisha akakataa kuendelea na ibada ya Meza ya Bwana mpaka Kaisari atoe ahadi ya kuiacha amri yake kabisa. Theodosius aliahidi. Sinagogi haikujengwa na askofu, na waliochoma hawakuadhibiwa.

Msomaji atafakari jinsi hoja moja ilivyotumika mara mbili. Mwaka 384, neno la kwamba kweli haina ushirika na uongo liliwalinda Wakristo wasilazimishwe kufukiza uvumba. Mwaka 388, neno lile lile liliwakinga watu waliochoma nyumba ya sala ya jirani zao. Neno halikubadilika, aliyekuwa amelishika ndiye aliyekuwa amepata nguvu.

Tusimhukumu Ambrosio kana kwamba alikuwa mtu mkatili. Wakati Priscillian, mwalimu aliyeshtakiwa kwa uzushi, alipouawa kwa hukumu ya dola huko Trier, Ambrosio alikataa ushirika na maaskofu waliotafuta kifo chake. Na mwaka 390, Theodosius alipowaua watu wengi wa Thesalonike kwa hasira, Ambrosio yule yule alimtaka afanye toba hadharani, naye Kaisari akatii. Ujasiri wake ulikuwa mmoja. Kosa lake ni kwamba hakuona tofauti kati ya kuikiri kweli na kuinyima haki ile nyumba ya jirani. Na katika miaka ya 391 na 392 sheria zilikuja kuzifunga kabisa ibada za dini ya kale. Yule mama mzee wa Symmachus hakubishiwa tena, alinyamazishwa.

Sisi wa Tanzania hatuhitaji kwenda mbali ili kuelewa uzito wa jambo hili. Mwezi Oktoba 2012, makanisa kadhaa yalishambuliwa na kuchomwa huko Mbagala, Dar es Salaam, na miongoni mwake lilikuwamo la Kilutheri. Washarika waliosimama mbele ya majivu yale walijua kwamba hapakuhitajika mjadala juu ya dini ipi ni ya kweli ili kutambua kwamba uovu umetendeka. Tuliomba ulinzi wa sheria, na tulikuwa na haki ya kuuomba. Basi Wayahudi wa Callinicum nao walikuwa na haki ile ile.

Augustino aisahihisha sentensi yake

Katika mwaka ule ule wa 384, wakubwa wa Milano walimwomba Symmachus awatafutie mwalimu wa ufasaha. Alimchagua Mwafrika mmoja kutoka Thagaste, aitwaye Augustino, ambaye wakati huo hakuwa Mkristo. Hivyo mtetezi wa njia nyingi ndiye aliyempeleka Augustino mpaka kwenye mimbari ya Ambrosio. Pasaka ya mwaka 387, Ambrosio alimbatiza.

Kabla ya ubatizo wake, Augustino aliandika kitabu kidogo cha mazungumzo na nafsi yake mwenyewe, kiitwacho Soliloquia. Humo alisema kwamba hekima haifikiwi kwa njia moja tu. Ni usemi ulio karibu sana na ule wa Symmachus. Yaonekana ulikuwa umezoeleka kwa watu wa elimu, hata ukaingia kinywani mwa mtu aliyekuwa akijiandaa kubatizwa, kama unavyoingia leo katika vinywa vya washarika wetu bila wao kukusudia kumkana Kristo.

Miaka 40 hivi ilipita. Augustino, sasa mzee na Askofu wa Hippo, aliketi kupitia vitabu vyake vyote na kusahihisha makosa yake. Alipoifikia sentensi ile, aliandika kwamba haisikiki vema, kwa kuwa ni kana kwamba kuna njia nyingine mbali na Kristo aliyejiita njia. Hakujitetea wala hakumlaumu mtu. Aliisahihisha, akaendelea na kazi.

Sababu ya badiliko hilo twaiona katika kitabu chake cha Mji wa Mungu, sehemu ya 10. Huko anajadiliana na mwanafalsafa Porfirio, aliyekiri kwamba katika elimu zote alizozichunguza, hata za Wahindi na Wakaldayo, hajaiona njia ya kuiokoa nafsi iliyo wazi kwa watu wote. Augustino anajibu kwamba njia hiyo ndiyo Kristo. Jambo hili lastahili kutafakariwa sana na wahubiri wetu. Usemi wa njia nyingi hujionyesha kuwa mkarimu, lakini katika ulimwengu wa kale njia nyingi zilikuwa hasa njia za wachache: wenye elimu, wenye ukoo, wenye siri za kundi lao. Kila mmoja alibaki na mlango wake, na asiye na mlango alibaki nje. Kristo ni njia moja kwa maana hii, kwamba mtumwa na seneta, mjane asiyejua kusoma na profesa, wanapita mahali pamoja kwa neema ile ile.

Tungependa kuishia hapo, lakini ukweli wa historia hauturuhusu. Augustino huyo huyo, katika ugomvi na Wadonato wa Afrika ya Kaskazini, alikuja kuzitetea sheria za dola zilizowalazimisha warudi katika Kanisa, naye akautumia mfano wa karamu kuu (Lk. 14:23) kuwa ushahidi. Aliisahihisha sentensi ya Symmachus, bali kosa la Callinicum hakulisahihisha.

Urithi wetu wa Kilutheri

Sisi Walutheri tumepewa chombo cha kuutenganisha mzigo ule, ingawa hatukukitumia daima. Mwaka 1523 Martin Luther aliandika juu ya mamlaka ya kidunia, akafundisha kwamba imani ni tendo huru na hakuna mtu awezaye kulazimishwa kuamini. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, katika kifungu cha 28, lafundisha kwamba maaskofu hutenda kazi yao kwa Neno pasipo nguvu ya kibinadamu. Dola ina upanga wa kulinda miili na amani. Kanisa lina Neno, nalo halina kitu kingine. Kwa mafundisho haya, hakimu wa Callinicum angepaswa kutoa hukumu ya haki, na askofu angepaswa kutubu.

Lakini mwaka 1543 Luther, akiwa mzee, aliandika kitabu dhidi ya Wayahudi, akawashauri watawala wachome masinagogi yao. Kila mchungaji wa Kilutheri apaswa kulijua jambo hili. Katika karne ya 20 maandishi hayo yalitumiwa na wafuasi wa Hitler. Mwaka 1984 Mkutano Mkuu wa Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani uliofanyika Budapest ulipokea tamko la kuyakataa, na mwaka 1994 Kanisa la Kiinjili la Kilutheri katika Marekani lilitoa tamko lake la toba. Tangu Callinicum hadi Wittenberg kuna zaidi ya miaka elfu moja, lakini kosa ni lile lile: kudhani kwamba kwa kuwa Kristo ni njia moja, jirani asiyeifuata hana haki ya paa juu ya sala zake.

Hitimisho

Basi kijana yule wa kipaimara tungemjibu nini leo?

Kwanza, tungemwambia kwamba mzee alikosea, ingawa alisema kwa nia njema. Njia hazilingani, kwa sababu dini hazisemi jambo moja. Muislamu mwenye elimu ya dini yake naye hatakubali kwamba tofauti zetu juu ya msalaba na juu ya Kristo ni za maneno tu. Kumwambia jirani kwamba imani yake na yetu ni sawa ni kutomsikiliza yeye wala sisi. Heshima ya kweli humruhusu mtu aamini kile anachokiamini.

Pili, tungemwambia kwamba mzee alikuwa akilinda kitu cha thamani, nacho tusikipoteze. Alitaka ukoo wake ubaki ukoo. Aliwaona ndugu Waislamu wakichimba kaburi la ndugu yao Mkristo, akatafuta maneno ya kuutunza upendo huo, na maneno aliyoyapata ni yale ya Symmachus. Ni wajibu wetu kumpa maneno bora zaidi. Amani ya ukoo na ya nchi haihitaji uongo mtakatifu ili isimame. Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977, katika ibara ya 19, yampa kila mtu uhuru wa dini bila kutamka dini ipi ni ya kweli, na hivyo ndivyo ipasavyo. Mkristo aweza kuutetea uhuru huo kwa moyo wote, akikumbuka kwamba Kanisa lenyewe liliupokea mwaka 313 pamoja na wengine.

Tatu, tungemwambia kwamba anayekiri njia moja amejitwika deni. Ambrosio aliwataka wenye mahekalu wahesabu mateka waliowakomboa na maskini waliowalisha. Changamoto hiyo yaturudia sisi wenye majengo, mashamba na magari ya sharika na dayosisi. Paulo alipofika Athene alizitazama kwa makini ibada za watu kabla ya kufungua kinywa, kisha akawatangazia Kristo aliyefufuka bila kumtukana mtu na bila kuficha neno (Mdo. 17:22-31). Petro naye atuagiza tuwe tayari kulijibu kila swali juu ya tumaini letu kwa upole na kwa hofu (1 Pet. 3:15).

Siku ile makaburini hatukufanya vibaya kunyamaza. Tulifanya vibaya kutokurudi. Mzee yule aliishi miaka mingine mitatu, na nyumba yake ilikuwa mwendo wa dakika 20 kutoka nyumba ya mchungaji. Tungeweza kwenda, tukaketi naye barazani, tukamwuliza ana maana gani, tukamsikiliza mpaka mwisho, kisha tukamweleza habari za Yule aliyekuja. Hatukwenda. Wanafunzi wetu watakaotumwa sharikani watakutana na wazee wengi wa namna yake. Tunawasihi waende.